Upande wa Dereva

Nikwambie kabisa kabla hatujafika mbali: mjinga wa stori hii ni mimi, usije ukahangaika kumtafuta. Humu ndani kuna mama mwenye hasira ya miaka mingi, kuna mzee asiyeona, lakini mjinga ni mmoja tu, na ndiye anayekusimulia. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nakujua vizuri, na utaona kulinifikisha wapi. Ila mwezi uliopita tumemzika Mzee Magesa, na tuliporudi kutoka makaburini binti yake, dada Neema, akaniita chumbani kwa marehemu. Akasema, "Shija, kile kitu chako kipo juu ya kabati. Mimi sijui nakifanya nini." Nikainua macho. Chini ya kanga iliyopauka kulikuwa na kitu kirefu kama mkono wangu kutoka begani hadi ncha za vidole, na bomba la moshi lilikuwa limeiinua ile kanga kama pua ya mtu aliyelala chali. Nikaanza kucheka. Halafu kicheko kikaniishia katikati, nikabaki nimesimama pale na mdomo wazi, dada Neema akanivutia kiti.

Mwaka huo ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimepanga chumba kwa Mzee Magesa huko Mabatini, kwenye nyumba ya uani yenye vyumba vitano na choo kimoja. Shule niliishia la saba, na hata hiyo la saba nadhani walimu walinipitisha ili wapumzike. Kazi yangu ilikuwa kwenye kibanda cha mabango ng'ambo ya barabara. Saluni, duka la dawa, kanisa, wote tulikuwa tunawakatia herufi za plastiki na kuwabandikia. Plastiki yenyewe ni zile karatasi ngumu nyeupe tunazoziita foreksi, nyepesi kama mkate, unazikata kwa kisu na rula ya chuma. Vipande vilivyobaki nilikuwa naruhusiwa kuondoka navyo. Nilikuwa na gunia zima chini ya kitanda na sijui nilikuwa naliwekea nini.

Chumba cha Mzee kilikuwa kinatazamana na changu. Ndani kulikuwa na kitanda cha chuma, redio iliyofungwa kwa mpira, na kopo la mafuta lenye mdomo mrefu mwembamba kama shingo ya nyange, alilotoka nalo kazini reli. Presha ya macho ilikuwa imemla taratibu. Mwanzo wa mwaka ule alikuwa anaona kivuli chako mlangoni, katikati ya mwaka akawa anaona mlango tu, mwisho wa mwaka hata mlango haukuwepo. Mimi kila nikirudi kazini nilikuwa nampigia kelele kutoka uani, "Mzee, treni imefika?" Naye anajibu bila kugeuka, "Imefika, ila wewe huna tiketi." Honi ikilia kutoka stesheni, anainua kichwa, anasikiliza, anasema, "Huyo dereva ana haraka ya bure." Hilo ndilo lilikuwa somo la kila siku.

Siku moja nikampa herufi zilizoharibika azitambue kwa vidole, mchezo tu. Akazipata zote. R, M, S, hata ile G niliyoikata vibaya akaniambia, "Hii G imevunjika taya." Kisha akakaa na kile kipande mkononi muda mrefu, anakikunja kidogo, anakiachia.

"Shija, hii kitu inakaa umbo lolote?"

"Lolote mzee. Hata mchumba nakukatia."

"Mchumba kaa naye wewe. Mimi nikatie injini. Ile yetu ya moshi. Iwe sawasawa, nikiishika niijue."

Nilidhani anataka kumbukumbu, kama wazee wengine wanavyotaka picha ukutani. Sababu yenyewe niliisikia jioni ile ile bila kualikwa, kwa kuwa kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, maneno yalikuwa ya wote. Nilikuwa nakula ugali wangu na dagaa, nikamsikia dada Neema anasema, "Baba, yule mama hakutaki. Mara ngapi umetuma watu?" Mzee akajibu, "Maneno yangu yameshindwa. Nataka nimwekee injini mbele yake, nimwonyeshe kwa mkono. Mimi nilisimama hapa, mume wake alikuwa hapa. Sitaki kufa naitwa niliyeruka."

Nikaacha kutafuna. Kesho yake nikamchimba dada Neema wakati anaparua sato kwenye karai, akanieleza kwa kifupi huku magamba yanamrukia usoni. Zamani, kabla yeye hajazaliwa, baba yake alikuwa mtu wa moto kwenye treni, yaani yule anayesimama na dereva kwenye kibanda cha injini na kuangalia moto. Dereva wake alikuwa anaitwa Mathias. Msimu mmoja wa mvua maji yalikula tuta la reli, injini ikalala ubavu. Mathias akafa, baba akatoka na miguu iliyoungua. Watu wakasema aliruka akamwacha mwenzake. Mjane wa Mathias, Bibi Nyamizi, yuko Buhongwa, na tangu wakati ule hajawahi kupokea hata salamu ya Magesa. "Sasa wewe na midoli yako," akamaliza, "ukimfanyia mzaha baba kwenye jambo hili, nitakuhamisha na kitanda chako."

Basi nikaanza. Miezi minne, kila nikitoka kazini mpaka mwanga wa uani unapoisha, na Jumapili nzima. Nilikuwa sijawahi kuona injini ya moshi kwa macho, labda kwenye picha. Mzee ndiye alikuwa picha yangu. Anakaa kwenye kigoda, ananionyesha kwa mikono upana, anapima kwa shibiri, anasema, "Mara mbili ya hapo, halafu nusu kidole." Magurudumu nilikata duara tatu tatu nikazibandika zikawa nene, nikachonga njiti moja moja, manne makubwa kila upande. Tumbo la injini, lile linalochemsha maji, lilinitoa jasho. Plastiki nyembamba niliilainisha kwenye maji ya moto nikaizungushia chupa ya chai ya dada Neema ili ishike mviringo, na kwa akili zangu nikaweka gundi kabla sijaichomoa. Ikaganda na chupa ndani. Siku mbili tulimimina chai kutoka tumboni mwa injini. Dada Neema anapiga kelele, "Baba, mwambie mpangaji wako chai yangu imepanda treni!" na Mzee anacheka mpaka anakohoa. Sikumbuki kumwona akicheka vile tena.

Ribiti ndizo alizozipenda. Injini zile zilikuwa zimepigwa ribiti mwili mzima, vichwa vidogo vidogo vya misumari ya kuungia chuma. Nilivipata kwa kubonyeza plastiki kutoka nyuma kwa msumari butu, kimoja kimoja, mbele vinatokeza kama upele. Mzee anavipitia kwa kidole gumba, polepole, midomo inacheza. Kidole kinasimama. "Hapa umeruka mbili." Naangalia, kweli, nimeruka mbili. Ukitaka kumjua mtu aliyependa kazi yake, mpe ribiti za plastiki azihesabu.

Nikajifanya mjanja nikaweka vipande vya mkaa kwenye tenda, lile behewa dogo la nyuma la kubebea maji na vitu vya kuchoma. Akavishika, akavinusa.

"Hii nini?"

"Makaa, mzee. Ya kuendeshea."

"Nani kakwambia sisi tulichoma makaa? Tulichoma mafuta mazito, meusi, yanavutika kama uji wa ulezi. Mkaa mpelekee Neema."

Hapo ndipo aliponieleza kuwa kwenye kibanda cha injini kulikuwa na gurudumu dogo la kufungia mafuta ya moto, na hilo lilikuwa lake, upande wa kushoto. Breki na wenzake zilikuwa za dereva, upande wa kulia. Kazi yake nyingine ilikuwa kurusha mchanga ndani ya moto ili usugue masizi kwenye mabomba. Ukirusha, moshi unatoka mweusi, na wanawake walioanika nguo kando ya reli wanakutukana kwa Kisukuma mpaka kituo kinachofuata. "Mathias alikuwa anawapungia mkono," akasema. "Mimi nimechafua, matusi anapokea yeye." Akaongeza jambo jingine, kwamba kiti cha dereva kilikuwa mbao tupu, na mke wa Mathias alikuwa amemshonea mto. "Weka na mto, Shija." Nikamwambia, "Mzee, mto wa ukubwa wa punje ya hindi, ataulalia nani?" Akasema, "Haya." Sikuuweka.

Macho yalipokuwa yanakaribia kuisha kabisa, alichukua mfuko mtupu wa sementi, akaupasua, akautandika sakafuni mlangoni penye mwanga, akachora kwa kipande cha mkaa ule ule alionikatalia. Alichora ukuta wa mbele wa kile kibanda, ule ambao dereva na mtu wa moto wanautazama wakiwa kazini: mlango wa moto katikati, gurudumu la mafuta huku, breki kule, saa za kupimia mvuke juu. Alichora pua ikiwa imegusa karatasi. Alipomaliza uso ulikuwa mweusi, akasema, "Chukua. Mimi sitaona tena kuchora nyingine."

Sasa sikiliza ujinga wangu. Kwenye mabango yetu kuna yale ya plastiki ya kioo, unaona hadi upande wa pili. Herufi zake tunazikata kinyume na kuzibandika kwa nyuma, ili mteja akisimama mbele azisome sawa na mvua isiziguse. Mwezi ule tulikuwa na kazi ya mabango ya namna hiyo tu, wiki tatu mfululizo, mkono wangu ukazoea kugeuza kila kitu. Nilipunguza mchoro wa Mzee kwenye karatasi ndogo, nikailaza uso chini juu ya plastiki, nikakata, nikabandika gurudumu, breki na saa. Lakini ule ukuta haukuwa bango la kioo. Ulikuwa unatazamwa upande ule ule nilioukatia. Kwa hiyo cha kushoto kikaenda kulia na cha kulia kikaenda kushoto, na mimi nikauangalia nikauona mzuri kabisa, kwa sababu sijawahi kuingia kwenye injini maishani mwangu.

Na Mzee hakuushika. Hilo nalo ni langu. Nilitaka kumfanyia sapraizi. Nikabandika ukuta, nikaweka paa, nikafunika na kanga, nikamwambia, "Mzee, hii huigusi mpaka Buhongwa. Bibi harusi haonekani kabla ya siku." Dada Neema kwa njia zake alikuwa amepata ruhusa ya Bibi Nyamizi: mje Jumapili baada ya ibada, msikilizwe, muondoke.

Tulikwenda kwa bajaji, injini nimeipakata mimi. Bibi Nyamizi alikuwa amekaa kivulini mwa nyumba kwenye kiti cha plastiki, anamenya karanga kwenye ungo. Pembeni yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu Mathias, Mzee Nkwabi, na fimbo yake. Nikasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba." Mzee Magesa akasema, "Nyamizi, habari za siku." Karanga zikaendelea kumenywa. Tukapewa viti. Maji hatukupewa. Kwa Wasukuma hata mnayegombana naye akifika kwako unampa maji ya kunywa kwanza, ugomvi mtaukuta baadaye. Mzee alijua. Alikaa mikono kwenye magoti akisubiri maji yale muda fulani, kisha akaelewa.

Akafunua mwenyewe. Akaanzia mbele, kwenye bomba la moshi, akapita kwenye tumbo, kwenye ribiti, na uso wake ukawa kama wa mtu anayetembea kijijini kwao. Hata Bibi Nyamizi aliacha kumenya.

"Tuta lilikuwa limeliwa," Mzee akasema. "Hatukuliona. Injini ikalala upande wa dereva."

"Upande upi?" Bibi akauliza. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mzee kwa miaka yote hiyo.

"Kulia."

"Nionyeshe."

Vidole vya Mzee vikaingia kwenye kibanda kwa nyuma, vikaenda kulia moja kwa moja, kama mtu anayetafuta swichi chumbani kwake. Vikakuta gurudumu la mafuta. Vikasimama. Vikatoka, vikaingia tena. Kulia, gurudumu. Kushoto, breki. Nikaona shingo yake inatoa jasho, na hapo hapo, sio baadaye, hapo hapo, nikajua nimefanya nini.

Mzee Nkwabi akainama akachungulia. Akanigeukia mimi. "Kijana, wewe ndiye fundi. Hii hapa breki?"

"Ndiyo, baba."

"Breki ni ya dereva?"

"Ndiyo."

"Iko upande gani?"

Ningeweza kusema maneno mengi. Mimi, mtu ambaye hata kwenye msiba naombwa ninyamaze. Nikasema neno moja. "Kushoto."

"Mume wangu nilimfunua mwenyewe," Bibi Nyamizi akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Aliungua kulia. Shavu la kulia, mkono wa kulia, ubavu wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, niliushika. Wewe Magesa unasema injini ilimlalia upande wake. Upande wake huo hapo, kushoto. Sasa aliunguaje kulia?"

"Hata kidude chake kimemkataa," Mzee Nkwabi akasema.

Mzee Magesa alitafuta kanga kwa kupapasa, akaifunika injini, akaikunja kanga pembeni vizuri. "Labda nimesahau," akasema. "Ni miaka mingi." Na njia nzima kutoka Buhongwa hakusema neno, na mimi sikusema neno, na dereva wa bajaji akaona aibu akafungulia muziki.

Jioni dada Neema aliweka ugali na sato wa kuchemsha, kichwa akamwekea baba yake kama kawaida. Mzee alinawa, akamega tonge, akalizungusha mkononi, akalirudisha sahani. Siku iliyofuata nikamwita kutoka uani, "Mzee, treni imefika?" Kimya. Siku tano hivyo. Mimi nilikuwa najipa sababu: nitasema kesho, akitulia, nitasema nikishatengeneza nyingine, kwani nikisema sasa itasaidia nini. Mtu mwenye maneno mengi hakosi la kujitetea. Siku ya sita nikiwa kitandani mchana, nina mafua, nikasikia juu ya ukuta sauti ya Mzee, ndogo, kama anauliza bei ya kitu asichokimudu.

"Neema. Hivi mimi niliruka?"

"Baba!"

"Hapana, nauliza. Kama upande nimesahau, nitajuaje kingine sijasahau? Labda wanachosema wao ndicho."

Nilitoka bila viatu. Nikachukua mfuko wa sementi, nikaingia kwake, nikapiga magoti sakafuni, kitu ambacho sikuwahi kufanya hata kanisani. Nikamwambia, "Mzee, hujasahau. Nimegeuza mimi. Nimekata kama herufi za kioo." Nikamshika kidole nikakipitisha kwenye mchoro wake wa mkaa, ingawa mchoro hauna kitu cha kushika, nikamwambia, gurudumu umelichora kushoto hapa, breki kulia hapa, na mimi ndiye niliyelaza karatasi uso chini.

Akakaa. "Ulijua lini?"

"Kule kule. Ulipoingiza vidole."

Redio ilikuwa inasoma vifo na matangazo. Akaizima.

"Kwa hiyo ulikuwa na maneno hayo mdomoni toka Buhongwa."

"Ndiyo."

"Wewe, unayeongea hata na kuku." Nilisubiri kofi, na ningeshukuru. Akasema, "Usinipe mimi. Mimi nilikuwepo kwenye injini. Mpelekee ambaye hakuwepo."

Nilivunja paa siku hiyo hiyo, nikautoa ule ukuta kwa kisu, nikakata mwingine, na safari hii Mzee alishika kila kipande kabla ya gundi. Hakuongea zaidi ya "hapo" na "hapana". Kisha nikaenda Buhongwa peke yangu na injini, na ukuta ule mbaya mfukoni, na mfuko wa sementi nimeukunja kwapani.

Bibi Nyamizi alikuwa pale pale, safari hii anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu. Nikatandika mfuko wa sementi chini, nikauwekea mawe, nikaweka ukuta mbaya juu yake, nikamwonyesha: hiki na hiki vimegeuka. Nikaweka injini mbele yake, ukuta mpya ndani. Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri njiani, sikuyapata hata moja.

Aliangalia mchoro muda mrefu. "Hii kachora Magesa?"

"Ndiyo bibi. Kabla macho hayajaisha. Kabla sijaanza kukata."

"Gurudumu lake kushoto."

"Kushoto."

"Mathias kulia."

"Kulia, bibi."

Akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Siku ile, ulipoulizwa na Nkwabi, ulikuwa unajua?"

Nilitaka kusema nilikuwa nimechanganyikiwa. "Nilikuwa najua."

"Ukamwacha mtu mzima anaitwa mwongo, wewe umekaa."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Hakunisamehe pia, usije ukadhani. Alinitazama kama unavyotazama chakula kilichoungua ukijiuliza kama kuna sehemu inaweza kuliwa. Kisha akasema, "Maji yako kwenye mtungi mlangoni. Kikombe kiko juu yake." Nikaenda nikanywa. Nikanywa vikombe viwili, nimempa mgongo Bibi, machozi yanadondokea ndani ya kikombe.

Wiki iliyofuata alikuja Mabatini mwenyewe, bila shemeji, na kifurushi cha michembe. Dada Neema alimwona mlangoni akadondosha mwiko. Mzee alikuwa kitandani. Akataka kuinuka, Bibi akasema, "Kaa," akavuta kigoda akaketi. Mimi nilishika injini kwenye kiti kati yao kwa kuwa meza haikuwepo. Bibi hakuigusa. Aliweka mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa.

"Sema sasa," akasema.

Vidole vya Mzee vikaingia. Kushoto, gurudumu. Kulia, breki. Akapumua. Akailaza injini polepole ubavu wa kulia, mikononi mwangu, na nikahisi uzito ambao plastiki haina.

"Alikuwa chini, hapa. Mkono umebanwa. Bomba la mvuke limepasuka upande wake. Mimi nimebaki juu, nimeshika hili gurudumu, miguu inaning'inia. Moto bado unakula mafuta. Nyuma yetu kuna mabehewa na watu. Naweza kushuka kwake, au naweza kufunga. Sikuruka, Nyamizi. Lakini nilifunga moto kwanza. Niliposhuka alikuwa ameshaacha kuita. Hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Wamenisema niliruka, nami nikawa najitetea kwa hilo, na hili nikalificha nyuma yake."

Dada Neema alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wenye mchanga.

"Alisema kitu?" Bibi akauliza.

"Alisema, 'Magesa, funga moto, kuna watu.' Akarudia mara mbili."

Bibi Nyamizi aliinamisha kichwa. Injini bado nilikuwa nimeishika ikiwa imelala, na sikuthubutu kuiinua. Kisha akasema, kama anajisemea, "Mathias kitu lazima akirudie mara mbili." Akageuka mlangoni. "Mama, chakula bado? Mimi sijala tangu asubuhi." Wakala sahani moja, yeye na Mzee, ugali mmoja. Kichwa cha sato Mzee alikisukuma upande wake kwa kupapasa, naye akakirudisha, akakisukuma tena, mpaka kikapoa katikati hakuna aliyekila.

Baada ya hapo alikuja mara nyingi, miaka yote iliyobaki. Waligombana juu ya siasa na kanisa. Mimi nilihama, nikafungua kibanda changu, na kila nikipita kuwasalimu nilimpigia Mzee kelele kutoka uani, nikajibiwa sina tiketi. Lakini injini Bibi hakuigusa hata siku moja. Ilikaa juu ya kabati, anaiangalia akiingia, anaiangalia akitoka.

Kwa hiyo siku ile ya msiba, dada Neema aliponivutia kiti, hatukujua tuifanye nini, tukaishusha tu. Bibi Nyamizi akaingia na fimbo yake, amezeeka, mdogo kama ndege. Akasema, "Leteni." Nikampakatisha. Akaitoa kanga. Akapitisha kidole kwenye ribiti, polepole, akaingiza vidole viwili kwenye kibanda kwa nyuma, upande wa kulia, akatafuta. Akatafuta tena. Halafu akaninyanyulia macho.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "mbona mto wake hujauweka? Njoo kwangu Jumamosi. Kile kitambaa bado ninacho kipande."